"Board inataka board 8 za boarding": neno moja la Kiingereza lililonitia hasara

Seremala wa Ndeeba

Habari za humu ndani, wakubwa kwa wadogo. Leo sina swali la bei ya mvule. Nina kisa, halafu nina maneno.

Wiki mbili zilizopita bwana stoo wa shule moja ya sekondari, jina naliacha, aliniandikia kwenye simu: "Board inataka board 8 za boarding kabla ya Jumatatu." Nikausoma ujumbe mara tatu. Board ya kwanza niliielewa, ni wale wazee wanaosimamia shule. Boarding nayo haina fumbo, ni bweni. Ile ya katikati ndiyo iliyonichinja. Nikawaza, bwenini watakuwa wanataka pa kubandika ratiba na zamu za kufagia. Nikakata sofutibodi, nikazungushia fremu ya paini, nikavalisha kitambaa cha kijani, nikapiga vanishi kwenye fremu. Kazi safi, mpaka mwenyewe nikapiga picha. Nafika getini na pikapu, bwana stoo anazitazama, kisha ananitazama mimi.

"Fundi, watoto watalalia hizi?"

Kumbe walitaka plaiwudi za kuweka chini ya magodoro, kwenye vitanda vya ghorofa, hizo deka, maana chaga zimevunjika zote. Nikarudi Ndeeba na mbao zangu nane, mafuta ya pikapu juu yangu.

Mtu mwingine angegombana. Mimi nilishikwa na udadisi. Usiku nikachukua kamusi ya binti yangu aliye S3, yaani sekondari mwaka wa tatu, nikaendelea kwenye intaneti mpaka bando likaisha, nikilifuata hilo neno hadi kwao. Na nilichokuta huko nataka mafundi wenzangu wakijue: wakubwa wengi wanaotutisha kwa barua zenye mihuri, vyeo vyao vimetoka karakana.

Kiingereza cha kale, kabla Wanomani hawajavuka bahari mwaka 1066 kuitwaa Uingereza, kilikuwa na neno "bord". Maana yake ubao. Ubao uliopasuliwa, bapa, basi. Washairi wao wa vita waliita hivyo hata ngao, kwa kuwa ngao ilikuwa ya mbao.

Sasa tazameni hapa kifundi. Meza ya wakati huo haikuwa na miguu iliyogongelewa kama hizi zetu. Kwenye ukumbi wa bwana mkubwa walisimamisha viegemeo viwili, kama vile tunavyolazia mbao tukizipiga randa, wakatandika mbao juu, watu wakala, wakimaliza wanazikunja zote na kuziegemeza ukutani ili ukumbi ubaki wazi. Kwa hiyo aliyeitwa kula aliitwa kwenye ubao. Ubao ukawa meza. Muda si muda meza ikawa ndicho chakula chenyewe: ukisikia Mwingereza anasema "bed and board" anazungumzia kulala na kula. Anayelipia kulala na kula nyumbani kwa mtu akaitwa "boarder", na shule ambayo mtoto analala na kula ikawa "boarding school". Hoteli zenu za Entebbe zinapoandika fulu bodi na hafu bodi, zinauza milo, haziuzi mbao. Miaka yote hii nilidhani "boarding" ni kwa sababu ya vitanda!

Meza hiyohiyo, vyombo vikiondolewa, watu wanabaki wanazungumza mambo ya mali. Nao wakachukua jina la kile walichokizunguka. Ndiyo maana leo kuna bodi ya wakurugenzi, bodi ya mitihani, bodi ya ardhi ya wilaya ambayo imo hadi kwenye Katiba yetu ya 1995. Mbao tupu, ndugu zangu. Ukiambiwa bodi imekataa hati yako, jua umekataliwa na fanicha.

Iliyonifurahisha kuliko zote ni dashibodi. Mnajua ilianza wapi? Kwenye gari la farasi. Farasi akikimbia njia ya matope, kwato zinarusha tope nyuma, linamrukia mwendeshaji usoni. "Dash" hapo ni huko kurusha tope. Basi fundi akasimamisha ubao mbele ya miguu ya mwendeshaji ulizuie. Gari la injini lilipokuja farasi akaondoka, tope likabaki chini, lakini ubao haukutoka pale ulipo, wakaanza kuupachika saa za mwendo na mafuta. Leo binti yangu anafungua tovuti ya matokeo ananiambia "baba subiri dashibodi ifunguke". Ubao wa kuzuia mavi ya farasi! Umeingia ndani ya kompyuta na hakuna aliyeugusa kwa msumeno.

Nimesema yangu. Kama kuna mwenye kujua zaidi alete, na kama nimedanganya mnisahihishe kwa upole, nina hasara tayari.

Boda wa Busia

Mzee, nimecheka peke yangu hapa stendi mpaka abiria kaogopa kupanda. Ila umeturuka sisi. Boda boda haimo kwenye hao ndugu wa board? Baba yangu alikuwa hapa Busia na baiskeli, karia ameifunga mto wa sponji, anawavusha watu kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya. Kazi hiyo ilianza tangu miaka ya 1960. Katikati ya mageti wakati huo magari ya abiria hayakuwa yakipita, na mtu ana mizigo, jua linawaka. Wao wanaita "boda! boda!", yaani nakupeleka toka mpaka huu hadi mpaka ule. Pikipiki zilikuja baadaye sana, miaka ya 1990, jina likazipanda bila nauli. Siku hizi kuna kijana wa Mbarara anaendesha boda na hajawahi kuuona mpaka wowote.

Fundi Simu Kampala

Mimi nalia na kitu kingine. Kwenye meza yangu "bodi" ni vitu viwili na bei zake ni mbingu na ardhi. Mteja anapiga simu, "Fundi, kubadilisha bodi ni shilingi ngapi?" Nikimtajia bei ya board, ile sahani ya saketi yenye chipu zote, anakata simu akiniita mwizi. Kumbe alikuwa anauliza ganda la nje tu, maana kwake bodi ni body. Nikimtajia ya ganda, anakuja na simu iliyoingia maji na anataka bei ileile. Nimebandika karatasi ukutani: BODI YA NDANI, BODI YA NJE.

Seremala, hata hiyo ya ndani ni ya kwenu. Zamani wanaojifunza redio walikuwa wanachukua ubao wa kukatia mkate jikoni, wanapigilia misumari, wanaunganisha nyaya kwenye vichwa vya misumari. Mpaka leo kile kibao cheupe chenye matundu ambacho wanafunzi wa elektroniki wanajaribia saketi kinaitwa "breadboard". Ni plastiki tupu na hakijawahi kuona mkate.

Seremala wa Ndeeba

@Fundi Simu, hiyo ya ubao wa mkate sikuwa nayo. Naiba. Na bodi ya basi, ile wanayojenga juu ya chesisi, ni body au board?

Fundi Simu Kampala

Body. Bodi ya basi, bodi ya Fuso, hizo ni kiwiliwili. Tusizipeleke bodi ya wakurugenzi.

Mwalimu wa Bombo

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nafundisha Kiswahili, na tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 ulipokifanya cha lazima S1 na S2 nimekuwa na madarasa yanayofurika, kwa hiyo nasoma humu usiku tu. Niongeze machache.

Kijana wa Busia ameuliza vizuri, na jibu lake halinyooki. Lugha za kale za Kijerumani, ambazo Kiingereza ni mtoto wao, zilikuwa na maneno mawili yaliyofanana: moja la ubao, moja la ukingo au upande. Yakachanganyika mapema mno, hata kamusi kubwa hupata taabu kuyatenganisha. La ukingo ndilo lililoenda Ufaransa na Wafaranki, likawa "bord", likazaa "bordure", yaani pindo la kitu, kama pindo la leso. Kisha Kifaransa kikalirudisha Uingereza, na kufikia karne ya 14 watu wanasema "border". Kwa hiyo boda na bodi ni watoto wa nyumba mbili zilizojengwa kiwanja kimoja. Mmoja alikaa kijijini na ubao wake, mwingine akaenda ughaibuni akarudi na lafudhi.

La pili. Seremala anawacheka Waingereza kwa kuigeuza meza kuwa watu. Sisi je? Baraza ni nini? Nenda Mombasa, nenda Lamu, baraza ni kile kiti cha mawe nje ya nyumba ambapo wazee hukaa jioni wakinywa kahawa. Walipokaa wakazungumza, mazungumzo yakawa baraza. Sasa tuna Baraza la Mawaziri, tuna Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hicho ni kibaraza cha nyumba kimefika New York. Na anayeliongoza baraza au bodi tunamwita nani? Mwenyekiti. Mwenye kiti! Waingereza nao wanamwita "chairman", na kijijini kila mtu ana cheyamani wake wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, hata kama kiti chenyewe ni cha plastiki na cha kuazima kwenye msiba.

La tatu linahusu posho, maana naona kila aliyesoma bweni Uganda ana kidonda nayo. Posho kwa Kiswahili ni mgawo. Mpagazi, askari, kibarua wa reli, alipimiwa unga wake wa siku au wa wiki, hiyo ndiyo posho. Kwa jirani zetu Tanzania neno likapanda cheo, posho ni fedha anazolipwa mbunge kwa kikao. Kwetu likaingia sufuriani: posho ni ugali wenyewe, na maharage pembeni. Kwa hiyo "board" ya Mwingereza ilitoka kwenye kifaa ikawa chakula, posho yetu ilitoka kwenye kipimo ikawa chakula, na wote wawili wakakutana kwenye bweni moja saa saba mchana, mtoto ameshika sahani.

Boda wa Busia

Mwalimu, kwa hiyo sisi na wakurugenzi ni ndugu. Kesho naenda kudai urithi.

Kaka wa Nakivale

Jambo sana. Mimi ni mtu wa Kongo, niko hapa Uganda miaka mingi, Kiswahili changu mtanivumilia, kina Kifaransa ndani.

Ile dashibodi, sisi tunaita "tableau de bord". Tableau ni ubao, ule wa darasani pia ni tableau. Na bord hapo ni chombo, merikebu au gari. Mnaona? Kiingereza kimeweka ubao kwenye neno "board", Kifaransa kimeweka ubao kwenye "tableau" na "bord" kikaachia chombo. Mwalimu amesema ukweli kuhusu ukingo: "au bord du lac" ni kandokando ya ziwa. Lakini wale wakubwa wa kampuni hatuwaiti bord hata kidogo, ni "conseil". Kwa hiyo Mfaransa akisoma barua ya shule yenu angeelewa kwamba ukingo unataka kingo za kukingia.

Kuhusu fanicha zinazokuwa serikali, nina mbili zaidi. Kwetu ofisi tunaita biro, yaani "bureau". Zamani hicho kilikuwa kitambaa kizito cha sufu. Wakakitandika juu ya meza ya kuandikia, jina likahamia kwenye meza, toka meza likaenda kwenye chumba, toka chumba kwenye idara nzima. Ukienda kubadilisha dola Kampala umeingia "bureau", umeingia kitambaa.

Ya pili ni ya mpakani. Ukitoka Kongo kwa Mpondwe au Bunagana unakutana na "douane", watu wa forodha. Neno hilo Kifaransa kilipata Italia, na Italia ilipata kwa Waarabu, ni "diwan".

Mwalimu wa Bombo

Kaka wa Nakivale, hapo kwenye diwani umenipa usingizi wa kuchelewa. Kwanza neno si la Waarabu asili, walilitoa Uajemi. Huko lilikuwa daftari, kitabu cha hesabu na orodha. Likawa ofisi ya daftari, likawa baraza linalokaa kwenye ofisi hiyo. Pia kitabu kinachokusanya mashairi ya mtu ni diwani, na hiyo tunayo kwenye Kiswahili hadi leo, diwani ya mashairi. Tanzania diwani ni yule mtu anayechaguliwa kwenye kata. Na katika kumbi za hao mabwana kulikuwa na viti virefu vya mito vilivyopakana na ukuta. Wazungu walipoviona wakavibeba na jina: "divan".

Kwa hiyo njia yake ni kinyume cha "board". Ubao ulianza karakana ukaishia ikulu. Diwani lilianza ikulu likaishia karakana, linauzwa kama sofa.

Seremala wa Ndeeba

Banange! Mwalimu, ina maana nikitengeneza diwani natengeneza halmashauri.

Nahodha wa Nakiwogo

Nyie watu wa nchi kavu mmekaa mezani mno. Board ni maji pia. Nimefanya kazi ziwani, njia ya Nakiwogo kwenda Lutoboka kule Kalangala, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni "starboard", upande wa kulia ukiangalia mbele. Nikadhani ni mambo ya nyota. Hakuna nyota. Zamani merikebu za kaskazini ya Ulaya hazikuwa na usukani nyuma. Zilikuwa na kasia kubwa lililofungwa ubavuni upande wa kulia, kwa kuwa watu wengi ni wa mkono wa kulia. Upande huo ukaitwa ubavu wa kuongozea, "steorbord" kwa Kiingereza chao cha kale, na "bord" hapo ni ubavu wa chombo.

Na kwa sababu kasia liko kulia, usingeegesha upande huo, ungelivunja. Unaegesha kushoto, unapakia kushoto. Kushoto kukaitwa "larboard". Sasa jaribu kupiga kelele starboard na larboard katikati ya dhoruba, uone kama aliyeko mbele atasikia tofauti. Mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza likaamuru kushoto kuitwe "port", upande wa bandari. Wamarekani wakafuata mwaka 1846. Waswahili wa majahazi wao hawakujisumbua na kushoto na kulia, wao ni joshi na demani, upepo unatokea wapi na unakwenda wapi. Mimi naona wao ndio wenye akili, upepo haujui mkono wako.

"On board" ni kuwa ndani ya hizo mbavu. Pasi ya kupandia ndege pale Entebbe inaitwa "boarding pass" kwa sababu ndege imerithi lugha ya meli yote nzima, hadi rubani anaitwa kapteni. Ndege haina ubao hata mmoja. Tuombe Mungu isiwe nao.

Na seremala usijitape peke yako. Mitumbwi ya Ssese zamani ilikuwa mbao zilizoshonwa, ubao kwa ubao, kwa kamba za miti, bila msumari. Huyo ndiye fundi.

Bint Mutukula

Kaka zangu nimechelewa, leo nilikuwa sokoni. Wewe Nahodha umenikumbusha. Kuna ndugu yangu kila akiandika kwenye kundi la familia anasema shemeji yake yuko "aboard" Dubai. Tumekaa tunangoja lini atashuka.

Hilo nimelitazama: "abroad" haina ubao, imetoka kwenye "broad", pana, yaani mtu katoka kwenda kwenye mapana. Hapa Uganda tuna neno letu zuri kuliko hilo, kyeyo, ufagio. Mtu hayuko abroad, yuko kyeyo, na kila mtu anaelewa amekwenda kufagia za watu ili alete chochote nyumbani.

Halafu seremala, nyumbani upande wa Tanzania wanapojenga nyumba, ule ubao unaozunguka paa mbele ya kingo za kenchi wanauita fisha bodi. Nimeuliza mafundi watatu kwa nini fisha, samaki anahusikaje. Mmoja akaniambia zamani zilikuwa na picha za samaki.

Seremala wa Ndeeba

Haha, dada, huyo fundi kakuuzia. Ni "fascia board". Fascia ni Kilatini, mkanda au ukanda wa kufungia kitu. Ubao unalifunga paa kama mkanda. Lakini "fisha" imeshajenga nyumba za watu wengi kuliko hiyo fascia, siwezi kuja kuiondoa. Mteja akiniambia fisha nampa fisha.

Kijana wa Wandegeya

Nawaheshimu wote ila niulize kwa ubaya. Tunashangilia nini hapa? Neno la mkoloni limemtia mzee hasara, na sisi tunalipigia makofi kwa sababu lina historia. Si tuseme tu UBAO? Katiba ilifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, Baraza la Mawaziri likapitisha tena 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini shule bado inamwandikia fundi wa Ndeeba Kiingereza. Kwa nini bwana stoo asingesema "bodi inataka plaiwudi za vitanda"?

Boda wa Busia

Bodi bado ni Kiingereza, ssebo.

Kijana wa Wandegeya

Basi wazee. Wazee wanataka plaiwudi.

Bint Mutukula

Na plaiwudi?

Mwalimu wa Bombo

Mwanangu wa Wandegeya, nakuunga mkono kwenye bwana stoo, sikuungi kwenye ubao. Angeandika "ubao 8" seremala angepotea vilevile. Ubao ni wa kuandikia darasani, ni wa matangazo, ni wa kupasulia, ni wa kuezekea. Waganda nao, olubaawo ni ubao wa seremala na olubaawo ni ule wa chaki. Tukitoka hapo tunakuja kwenye bao. Bao ni mchezo, ule wa mashimo 32 na kete 64, mashimo nane kwa safu nne, sawasawa na omweso wa hapa Buganda, na empiki zake 64. Bao ni la mpiga ramli anayesoma mchanga. Bao ni goli: timu imefunga bao mbili. Mtu akikuambia "amenipiga bao" unahitaji kujua kama alikuwa mchezoni, uwanjani, au kwa mganga. Hata kibodi ya kompyuta kuna waliopendekeza tuiite baobonye. Mgeni anayejifunza lugha yetu analia kama seremala alivyolia.

Neno la mbao linatanuka kwa sababu mbao zinatanuka. Kitu bapa, unakilaza unakula, unakisimamisha unaandika, unakichora unacheza.

Fundi Simu Kampala

Wacheza karata nao. Kuna "above board", maana mikono juu ya meza, kila mtu anaona unachokifanya. Kinyume chake mnakijua wenyewe, ile chai ya chini ya meza.

Seremala wa Ndeeba

Kumbe hata rushwa inanihitaji mimi kwanza nitengeneze meza.

Benki je, mnaijua? Nimeikuta jana. Wabadilisha fedha wa Italia walikaa sokoni na benchi lao, "banco", sarafu zimepangwa juu. Benki ni benchi. Na anayefilisika Kiingereza kinamwita "bankrupt", kutoka Kiitaliano "banca rotta", benchi lililovunjika. Nilicheka halafu nikanyamaza, maana benchi langu la kazi lina mguu mmoja umelegea tangu Krismasi.

Kijana wa Wandegeya, hasira yako naielewa, lakini kosa halikuwa la neno. Kosa ni langu na la bwana stoo. Yeye aliandika mbio, mimi nikaona aibu kupiga simu kuuliza, nisionekane fundi asiyejua Kiingereza. Simu ya dakika moja ingeniokoa laki kadhaa. Siku hizi nauliza: ya kulalia, ya kulia, ya kuandikia, au ya kukaa na kuamua? Jana mteja kanijibu, "Ya kupigia pasi." Hiyo sikuwa nimeifikiria.

Nahodha wa Nakiwogo

Zile nane umezipeleka wapi?

Seremala wa Ndeeba

Tatu kachukua pasta mmoja wa kanisa la mtaani, anabandika ratiba ya kwaya. Tano bado ziko hapa, kitambaa kijani, futi nne kwa tatu, fremu ya paini. Sofutibodi inataka kivuli, ikinyeshewa inavimba.

Mwalimu wa Bombo

Niwekee mbili. Chumba cha walimu hakina pa kubandika chochote, tunabandika kwenye kabati. Ila nakuomba kwenye risiti uandike kwa Kiswahili, na uandike vizuri.

Seremala wa Ndeeba

Risiti nimeandika hivi, Mwalimu: "Mbao mbili za matangazo, si za kulalia."

Boda wa Busia

Nani anazibeba Ndeeba mpaka Bombo? Nina binamu yangu Kampala ana boda.

Mwalimu wa Bombo

Mbao za futi nne juu ya pikipiki, barabara ya Bombo, saa kumi na moja jioni? Mwambie binamu yako asante, nitakuja na gari la shule Jumamosi.

Bint Mutukula

Zilizobaki tatu, moja naitaka mimi. Fundi, huku inafikaje, kwa basi?

Seremala wa Ndeeba

Kwa basi la Mutukula, dada, nitaifunga juu na turubai. Nitumie jina utakalopokelea. Kondakta akikuuliza mzigo gani, usimwambie board, atakutafutia kiti.